Jaji Hagongi Muhuri wa Viza

Kila nikikutana na mzazi ambaye mwanawe amenyimwa kibali cha kusoma Kanada, swali huwa lile lile: "Tukishinda mahakamani, viza itatoka lini?" Haitoki mahakamani. Naanza na hili kwa sababu familia zinauza kiwanja kumlipa wakili zikidhani zinanunua viza, na siku ya kushinda zinajiona zimetapeliwa.

Mapitio ya mahakama si rufaa. Jaji wa Mahakama ya Shirikisho ya Kanada hajiulizi kama yeye angekupa viza. Anachotazama ni kama ofisa alifika kwenye uamuzi wake kwa haki na kwa hoja zinazoshikamana. Akiona sivyo, kwa kawaida huufuta uamuzi na kurudisha faili kwa ofisa mwingine, naye anaweza kukunyima tena, mradi sababu zake safari hii zisimame.

Kosa la pili ni la nyaraka mpya. Baba anajaza akaunti baada ya mtoto kunyimwa, kisha anataka jaji aione taarifa ya benki. Uamuzi hupimwa kwa karatasi zilizokuwa mbele ya ofisa siku alipoamua, isipokuwa katika mambo machache, kama malalamiko kwamba hukutendewa haki. Kama kweli pesa zilipungua, usiende mahakamani. Omba upya.

Sina subira na mambo mawili. Kuna pasipoti zinazopelekwa kwa mganga zifukizwe ubani, na kuna mawakala wa safari wanaoapa kwamba ukimshtaki ofisa jina lako litachafuka milele. Yote ni uongo, na huo wa pili ndio unaoumiza zaidi, kwa kuwa unakula siku. Uamuzi uliotolewa nje ya Kanada una siku 60 za kufungua shauri tangu upate taarifa. Wa ndani ya Kanada una siku 15. Ada ya mahakama ni dola 50 za Kanada. Gharama kubwa ni wakili, na hata ukishinda, kwa kawaida hurudishiwi.

Kwanza huombwa ruhusa: jaji mmoja husoma karatasi bila kumwita mtu, na akikataa, hakuna rufaa. Akikubali, shauri husikilizwa kati ya siku 30 na 90.

Nilikusudia sasa kupitia faili karatasi kwa karatasi, lakini siwezi kugusa maandishi ya ofisa bila kusimulia kesi ya Baker. Mavis Baker, mwanamke wa Jamaika, aliingia Kanada mwaka 1981 kama mgeni, akabaki, akafanya kazi za ndani miaka 11 na kuzaa huko watoto wanne. Baadaye aliugua maradhi ya akili. Aliomba kwa misingi ya utu aruhusiwe kushughulikia ukaazi wake bila kuondoka nchini. Mwaka 1994 alikataliwa kwa barua isiyo na sababu. Wakili wake alipodai sababu, walipewa maandishi ya ndani ya ofisa mdogo, nayo yalimwonyesha mtu aliyekwisha kumhukumu mama huyu kwa ugonjwa wake, kazi yake na wingi wa watoto wake. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada iliyahesabu maandishi hayo kuwa ndiyo sababu za uamuzi, ikaona dalili za upendeleo, ikasema masilahi ya watoto yalipuuzwa, na uamuzi ukafutwa. Mfanyakazi wa ndani, mgonjwa, asiye na kibali, alifungua droo ya serikali. Nikiisoma kesi hiyo bado nasisimka.

Ndiyo maana nasisitiza maandishi ya ofisa. Barua ya kukataliwa mara nyingi huwa na sentensi chache za kunakiliwa. Hoja zenyewe ziko kwenye mfumo wa kompyuta, na shauri likifunguliwa bila sababu hizo, mahakama huziagiza. Tangu hukumu ya Vavilov, ya Mahakama hiyo hiyo ya Juu, mwaka 2019, kipimo ni kama sababu zinaeleweka na zinabebwa na ushahidi. Ofisa wa viza haandiki kurasa kumi, wala haagizwi. Lakini akiandika kwamba mwombaji hana kinachomrudisha kwao, huku faili lina barua ya mwajiri inayomwahidi nafasi yake, pamoja na vyeti vya mke na watoto wanaobaki Tanga, na hakuna neno hata moja juu ya karatasi hizo, hapo kuna kesi. Pengo likiwa wazi kiasi hicho, mara nyingine wakili wa serikali hukubali faili lirudishwe kabla hata jaji hajaketi.