Fundi yuko Kitale, hitilafu iko Bungoma

Safari ya fundi ndiyo inayokula faida ya intaneti katika majengo ya kupangisha. Kutoka Kitale hadi mjini Bungoma, matatu hupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Fundi akiitwa na mpangaji mmoja hulipa nauli ya kwenda na kurudi, hupoteza nusu ya siku, na pengine akifika hukuta rauta imechomolewa ukutani ili mtu achaji simu.

Tuchukue mfano wa jengo la nyumba 20, ambamo wapangaji 14 hulipa shilingi 1,000 kila mwezi. Zinaingia shilingi 14,000. Toa gharama ya laini inayolisha jengo, stima ya mitambo, ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 uliowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, VAT ya asilimia 16, na fungu la mwenye nyumba. Kinachobaki ni elfu chache, na safari tatu za fundi zinatosha kukimaliza. Ndiyo maana ukubwa wa biashara hii katika Trans Nzoia na Bungoma utaamuliwa na kiasi cha kazi kinachoweza kufanywa bila mtu kupanda gari.

Soko lipo, mfuko ni mwembamba

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 katika Kaunti ya Trans Nzoia na 1,670,570 katika Bungoma. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti. Tangu hapo mahitaji yamepanda. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii na wa Kitale National Polytechnic husoma na kutuma kazi zao mtandaoni, na walimu, wauguzi na makarani waliopanga mijini wanataka laini isiyohesabu kila megabaiti.

Tatizo ni bei. Mwaka 2024 Safaricom iliongeza kasi ya kifurushi chake cha chini cha faiba ya nyumbani hadi megabiti 15 kwa sekunde, kwa shilingi 2,999 kwa mwezi. Kwa familia yenye nyumba ya vyumba vitatu hiyo inabebeka. Kwa kijana wa bedsita ni mzigo. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, imefika hata mashambani ambako faiba haijagusa, lakini dishi lake ni mtaji wa maelfu ya shilingi kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Hapo ndipo anapoingia mtoaji huduma mdogo. Hununua laini moja ya jumla, huileta jengoni kwa faiba au kwa antena, kisha huisambaza kwa swichi na waya hadi kila mlango. Wapangaji hugawana gharama ya laini moja nzuri, na mtoaji huduma hupata riziki kwenye wingi wa majengo. Lakini majengo yakiwa mengi, mafundi hawaongezeki kwa kasi ileile.

Televisheni ilitangulia

Usimamizi wa mbali si mgeni kwa wapangaji wetu. Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali na kuzima mitambo ya zamani mwanzoni mwa 2015, ving'amuzi viliingia majumbani kwa wingi. Mteja wa DStv aliyechelewa kulipa anaujua ujumbe wa E16 kwenye kioo chake, na anajua pia kwamba akilipa kwa M-Pesa picha hurudi bila mtu kubisha hodi. Amri hutoka makao makuu, hupanda kwenye setilaiti na kushuka kwenye king'amuzi.

Lakini njia hiyo ni ya upande mmoja. Setilaiti hupeleka amri. King'amuzi hakiwezi kujibu kupitia dishi. Upepo ukipindua dishi la pamoja kwenye paa, kampuni haioni chochote mpaka mteja apige simu, na fundi lazima apande ngazi. Intaneti imelibadilisha hilo: mtambo ulioko Bungoma unaweza kueleza hali yake saa zote, na aliyeko Kitale akaisoma kwenye simu.

Kazi inavyofanyika

Msingi wa kwanza ni malipo. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mlango unaoziwezesha programu za wafanyabiashara kuzungumza na mfumo huo moja kwa moja. Kila mpangaji hupewa jina na nenosiri katika rejista ya mtandao. Muda wake ukiisha, rauta kuu humfungia. Akilipa kwa paybill, programu humfungulia papo hapo. Keateka hazunguki tena milangoni kukusanya pesa, na ugomvi wa nani amelipa na nani hajalipa hupungua.

Msingi wa pili ni kuufikia mtambo wenyewe. Kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya mtandao, kwa hiyo rauta ya jengo haionekani ukiitafuta kutoka nje. Dawa ni rauta yenyewe kutoka: hufungua njia iliyosimbwa, yaani VPN, hadi seva ya mtoaji huduma, naye fundi huingia kupitia njia hiyo. Rauta za MikroTik za kutoka Latvia, zinazopendwa na watoaji huduma wadogo kwa bei yake, zina uwezo huo.

Msingi wa tatu ni mitambo inayojiangalia. Rauta inaweza kuagizwa ipime laini kila dakika na kujizima na kujiwasha ikikosa jibu. Swichi inayopeleka umeme kupitia waya wa mtandao inaweza kuizima antena ya paani na kuiwasha tena kwa amri ya mbali. Hata makosa ya fundi yana kinga: MikroTik ina hali salama ambayo hufuta mabadiliko yote iwapo fundi atajifungia nje katikati ya kazi.

Faida yake huonekana siku mbaya. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, mtandao ulizorota Afrika Mashariki nzima. Anayeona kwamba rauta zake zote zinapumua na tatizo liko mbele ya laini ya jumla hamtumi mtu Bungoma. Huwatumia wapangaji ujumbe wa kweli. Vivyo hivyo Agosti 25, 2023, stima ilipopotea nchini kote: betri ndogo kwenye rauta kuu ingetosha kumwambia fundi kwamba ni giza, wala si wizi wa kifaa.

Yapo yasiyotibika kwa mbali. Waya uliokatwa na mchimba mtaro, panya darini, radi iliyochoma swichi: haya yanataka mikono. Mfanyabiashara mwenye busara humfundisha keateka kusoma taa za mitambo na kubadilisha waya, na humlipa kwa kazi hiyo.

Nani anashika ufunguo?

Mlango anaopitia fundi unaweza kupitiwa na mwizi. Mei 2018 watafiti walifichua programu haribifu iliyopewa jina VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika vifaa 500,000 au zaidi katika nchi 54, zikiwemo rauta za MikroTik, TP-Link na NETGEAR. Mwaka huohuo MikroTik iliziba ufa uliowawezesha wavamizi kusoma manenosiri, lakini rauta nyingi ziliendelea kukaa wazi kwa sababu wenyewe hawakusasisha programu. Nenosiri lililotoka kiwandani na rauta isiyosasishwa ni hatari kwa kila mpangaji anayepitisha pesa zake humo.

Hatari nyingine ni ya kibiashara. Jengo ambalo manenosiri yake yote yako kwenye simu ya kijana mmoja halina mtandao, lina kijana. Akihama, akigombana na mwenye nyumba au simu ikiibiwa, mitambo hubaki ukutani bila wa kuiamuru, na kila kitu huanza upya.

Kisheria, kuuza intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Anayejenga mtandao wake mwenyewe huhitaji pia leseni ya miundombinu, ambayo ina daraja la wadogo. Kugawa kifurushi cha nyumbani kwa majirani na kutoza pesa si njia ya mkato salama: kampuni ikikata laini, wapangaji waliolipa hawana pa kudai. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawagusa hata wadogo, kwa kuwa rejista ya wateja ina majina, nambari za simu na malipo.

Mpangaji naye asisahaulike. Mwenye nyumba anapopewa fungu la mapato, hushawishika kuwafungia nje washindani. Marekani imepambana na jambo hilo kwa miaka, na Februari 2022 tume yake ya mawasiliano, FCC, ilipiga marufuku baadhi ya mikataba ya kugawana mapato inayowanyima wapangaji uchaguzi. Miji yetu ingali inajenga; ni nafuu kuacha mabomba ya nyaya ya kutosha kampuni mbili au tatu sasa kuliko kubomoa kuta baadaye.

Kwa hiyo mwenye jengo wa Kitale au Bungoma anayekaribia kutia sahihi aulize mambo manne: leseni iko wapi, nakala ya manenosiri na mipangilio itahifadhiwa na nani, huduma ikikatika itarudi baada ya saa ngapi, na mpangaji ana ruhusa ya kuleta kampuni nyingine? Mtoaji huduma anayejibu yote kwa maandishi ndiye aliyejiandaa kuhudumia jengo la hamsini kama alivyohudumia la kwanza.