Samaki wa kiziwa: soya mbichi haimkomazi

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye viziwa,

Tangu SOMINKI ilipofungwa, mshahara wa mwezi umekuwa hadithi kwa wengi wetu hapa Kampene. Siku shimo linatoa, mtoto anakula nyama. Siku halitoi, ni ugali na sombe peke yake. Ndiyo sababu sisi wa sendika tunasukuma kila familia iliyo na bonde ichimbe kiziwa cha tilapia. Lakini malalamiko yanarudi yale yale: samaki wanapewa sombe, pumba ya mchele, hata soya, na miezi sita inapita wangali kama vidole.

Jambo hili si la leo. Wakati wa Wabelgiji, kituo cha Kipopo karibu na Elisabethville kilichunguza ufugaji wa tilapia, na mwisho wa miaka ya 1950 Kongo ilikuwa na viziwa zaidi ya 100,000. Kiisha uhuru vingi viliachwa. Samaki walizaana kupita kiasi, chakula kikapunguka, wakadumaa.

Je, majani na mbegu vinaweza kumkomaza samaki? Ndiyo. Kambale anataka nyama zaidi, lakini tilapia ana utumbo mrefu unaosaga majani vizuri. Hata kule Norwe, ambako mwaka 1990 samoni walilishwa karibu vyote kutoka baharini, leo sehemu kubwa ya chakula chao ni soya na mimea mingine. Shida si mmea, ni namna unavyotengenezwa.

Tuanze na soya. Kilo 10 za soya ziko na protini karibu kilo 4. Lakini soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuisaga protini hiyo. Samaki anakula, anashiba, na faida inatoka nyuma. Moto ndio unakiharibu: kaanga soya mpaka iwe kahawia na inukie, ndipo usage.

Sombe mbichi nayo ina sumu, jamaa ya ile sianidi inayotumiwa katika dhahabu. Uitwange, uianike juani mpaka ikauke kabisa, sumu nyingi itatoka. Pumba ya mchele iwe mpya; mafuta yake yanaharibika upesi, na ikianza kunuka usiwape samaki. Machicha ya mbegu za ngazi ni mazuri kidogo kidogo, kwani yana nyuzi ngumu.

Mmea mmoja peke yake hautoshi. Kinachokosa kwa soya kinapatikana kwa ndagala. Mfano wa kilo 10: pumba kilo 4 na nusu, soya ya kukaangwa kilo 3 na nusu, sombe kavu kilo 1, ndagala ya kusagwa kilo 1. Hapo robo ya chakula ni protini, na tilapia mkubwa kidogo anatosheka.

Na nyama yake? Wamama wanauliza kama samaki wa soya ni mubaya. Hapana. Protini ya nyama inabaki karibu ile ile. Kinachobadilika ni mafuta: mafuta ya samaki yanafuata mafuta aliyokula, na akila mimea tu, yale mafuta mazuri ya omega-3 yanapunguka. Ukimpa pumba na muhogo tu, atajaza mafuta tumboni, nyama kidogo. Ladha ya matope haitoki kwa soya. Inatoka kwa vijidudu vya maji machafu. Mwache samaki siku kadhaa kwa maji safi yanayopita, bila chakula, itapunguka.

Lakini neno moja hatulifichi, wandugu. Chakula kizuri namna gani hakiwezi kuondoa zebaki. Usichimbe kiziwa chini ya mahali wanaposafisha dhahabu, wala usigeuze shimo la kusafishia kuwa kiziwa. Zebaki inaingia ndani ya nyama, na moto wa jikoni hauitoi. Mtoto aliye tumboni ndiye anaumia zaidi.

Tunaomba hivi: familia tano zishikane, zikaange soya kwa sufuria moja, zisage kwa mashini moja. Kila mwezi mpime samaki kumi, muandike kilo. Yule anayesema samaki hawakomai, aje na karatasi yake, tuangalie pamoja ni kitu gani kilikosekana.