Usajili wa Maumbo ya Bidhaa kwa Wageni: Kipimo cha Uchumi Kinachohitaji Kusomwa kwa Uangalifu

Kata ya Bukundi, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, ipo katika ukanda wa pamba na mifugo. Mkulima wa huko anapobeba mgongoni bomba la kupulizia dawa ya pamba, amebeba kitu ambacho kisheria kinaweza kuwa na haki mbili: namna kinavyofanya kazi, na sura yake. Utendaji hulindwa kwa hataza ya uvumbuzi. Sura, yaani umbo, mistari na mapambo, hulindwa kwa usajili wa usanifu, ambao nchini Marekani huitwa hataza ya usanifu na umekuwapo tangu mwaka 1842.

Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) hukusanya takwimu za maombi ya usanifu, nayo Benki ya Dunia huziweka miongoni mwa viashiria vya maendeleo, zikitenganisha wakazi na wasio wakazi. Mgawanyo huo ndio wenye maana zaidi kuliko jumla yenyewe. Kampuni ya kigeni hailipi ada na mawakili katika nchi ambayo haitarajii kuuza bidhaa wala haihofii kuigwa. Kwa hiyo idadi ya haki zinazotolewa kwa wageni hupima zaidi imani yao katika soko la nchi husika, na si ubunifu wa wenyeji. China hupokea zaidi ya nusu ya maombi yote ya usanifu duniani, lakini sehemu kubwa mno ni ya wakazi wake. Hapo takwimu inaeleza habari ya viwanda vya ndani.

Neno "mgeni" nalo lisichukuliwe kijuujuu. Katika takwimu za Marekani, asili ya hataza huamuliwa na makazi ya mbunifu anayetajwa kwanza, si uraia wake. Mtanzania anayeishi Texas atahesabiwa Marekani, na raia wa Uingereza anayeishi Arusha atahesabiwa Tanzania.

Kwa Tanzania Bara kuna jambo jingine linalofanya idadi hiyo ipotoshe kwa urahisi. Kwa miaka mingi ulinzi wa usanifu umeegemea sheria iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni, Sura ya 219, inayotambua nchini usanifu uliosajiliwa Uingereza. Aidha, Tanzania ilijiunga mwaka 1999 na Itifaki ya Harare ya Shirika la Kanda ya Afrika la Miliki Ubunifu (ARIPO), ambayo ombi lake moja linaweza kutaja nchi wanachama kadhaa. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008. Anayetazama rejista moja tu jijini Dar es Salaam na kuhitimisha kwamba wageni hawalijali soko letu atakuwa amesoma nusu ya ukurasa.

Je, mwananchi wa Bukundi anahusikaje? Haki ya usanifu ina mipaka ya kijiografia. Umbo lililosajiliwa Marekani pekee halimzuii, kwa haki hiyo, fundi wa Meatu kulitengeneza na kuliuza nyumbani. Litamzuia akitaka kuliuza Marekani. Lakini kama limesajiliwa pia Uingereza, au kupitia ARIPO na Tanzania ikatajwa, hali hubadilika, na fundi anaweza kudaiwa. Kutojua tofauti hii ni gharama.

Upande wa pili unamgusa zaidi. Fundi aliyebuni umbo jipya la plau au mkokoteni wa ng'ombe, akalipeleka kwenye maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, kabla ya kuomba usajili, anaweza kupoteza sifa ya upya ambayo sheria inaidai. Wakati huohuo mgeni mwenye wakili alikwishasajili lake kabla bidhaa haijafika dukani. Tofauti hiyo ya utaratibu, si ya akili, ndiyo inayoonekana katika sehemu kubwa ya takwimu hizo.

Ombi la ARIPO huwasilishwa Harare moja kwa moja au kupitia ofisi ya nchi mwanachama, ambayo kwa Tanzania Bara ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Mbunifu aombe kwanza, ndipo aoneshe.