Maji ya kupoza yanapoiponza injini ya mashua

ABIRIA atokaye Lamu kuelekea Faza hupitia mkondo wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara. Zamani, maji yakipwa, chombo kilikuwa kikipita karibu kugusa tope. Hapo ndipo, miaka kadhaa iliyopita, mashua tuliyoabiri ilipoanza kufuka mvuke chini ya sakafu, kisha injini ikanyamaza. Nahodha alifunua kifuniko cha injini na kuomba ndoo ya maji.

Kilichotukwamisha kingetosha kiganjani. Kilikuwa kigurudumu cha mpira cha pampu ya maji ya bahari, ambacho mabawa yake yalikuwa yamekatika.

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda ya dizeli, joto hupanda kwa nukta ya muda hata kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Pistoni nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoinusuru injini ni kwamba joto hilo huondolewa bila kukoma. Takriban robo ya nishati ya mafuta tunayonunua kwa bei ghali huishia katika maji ya kupoza.

Gari hutegemea upepo upitao kwenye rejeta. Chombo cha baharini hutegemea bahari yenyewe. Injini nyingi za dizeli zinazofungwa ndani ya chombo huwa na mizunguko miwili ya maji. Mzunguko wa kwanza ni wa maji yasiyo na chumvi, ambayo hubaki ndani ya injini siku zote. Wa pili ni wa maji ya bahari: hufyonzwa chini ya chombo, yakapita kwenye chujio na pampu, kisha kwenye kibadilisha joto chenye vijibomba vyembamba vya shaba, na hatimaye yakatupwa nje pamoja na moshi. Maji hayo hupokezana joto pasipo kuchanganyika.

Msomaji atauliza, mbona maji ya bahari yasiingizwe moja kwa moja ndani ya injini? Lita moja ya maji hayo ina takriban gramu 35 za chumvi. Yakipashwa joto kupita nyuzi 60 hivi, baadhi ya madini yake huganda kwenye chuma na kufanya ukoko unaozuia joto kutoka. Injini ndogo zinazoning'inizwa nyuma ya mashua za wavuvi hupozwa kwa njia hiyo ya moja kwa moja, na ndiyo sababu mvuvi mwangalifu huiendesha yake kwa maji matamu kwa dakika kadhaa kila arudipo ufuoni.

Upande wa maji ya chumvi hauhitaji elimu kubwa. Chujio lisafishwe, hasa baada ya kupita kwenye tope na mwani. Mpira wa pampu hulainishwa na maji yayo hayo unayoyasukuma, hivyo valvu ikisahauliwa imefungwa, dakika moja au mbili zatosha kuuharibu. Ukikatika, vipande vyake visakwe vyote, kwani huenda vikaziba vijibomba mbele ya safari. Na vipande vya zinki, vilivyowekwa makusudi ili viliwe na kutu badala ya shaba, vibadilishwe vikishaisha nusu.

Upande wa maji matamu ndio unaopuuzwa zaidi, labda kwa sababu hauonekani. Wengi hujaza maji ya kisima. Atazamaye ndani ya birika lake la chai ataona ukoko mweupe, na ukoko huohuo hujijenga ndani ya injini. Heri maji yaliyotoneshwa, yale yauzwayo kwa jina la maji ya betri.

Hata hivyo, maji safi pekee hayatoshi, kwani nayo hutia kutu. Aidha, kuta za silinda hutetemeka kila mafuta yanapowaka. Mtetemo huo huzua viputo vidogo ndani ya maji, navyo vikipasuka hudonoa chuma kidogo kidogo hadi ukuta ukatoboka. Dawa ya kupoza injini hufanya utando mwembamba unaokinga chuma dhidi ya madhara hayo.

Nimewasikia mabaharia wakisema dawa hiyo ni ya Wazungu wenye barafu. Ni kweli kwamba glikoli iliyomo huzuia maji kuganda, jambo lisilotuhusu huku Pwani. Lakini faida yetu imo katika kemikali za kuzuia kutu, ambazo huuzwa hata bila glikoli. Kemikali hizo huisha nguvu, na dawa nyingi za kawaida hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Kuchanganya dawa za aina mbili ni hatari, kwa kuwa huweza kufanya utelezi mzito unaoziba njia. Glikoli nayo ni sumu yenye ladha tamu, kwa hivyo isiachwe wazi karibu na watoto wala mifugo.

Katika meli kubwa, mhandisi hupima maji hayo mara kwa mara. Huangalia kiasi cha dawa, uchungu wa maji na kiasi cha kloridi. Baadhi ya watengenezaji huweka kikomo cha kloridi kuwa miligramu 50 kwa lita. Kiasi hicho kikipanda ghafla, ni dalili kwamba kijibomba kimetoboka na bahari imeanza kuingia. Mwenye mashua asiye na vipimo ana macho: maji yanayotoka na moshi yakipungua, au oili ikigeuka rangi ya maziwa, asiondoke gatini.

Siku ile Mkandani, nahodha alikuwa ameinua ndoo ili aimwagie injini maji, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini akamshika mkono. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka. Alimkataza pia kugusa kifuniko cha tangi, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa humrukia mtu usoni. Tulingoja injini ipoe na maji yajae, tukavutwa na mashua nyingine hadi Faza, tukafika baada ya magharibi.