Mashua Yetu ya Homa Bay: Matengenezo, Rangi na Vanishi

Msomaji huenda akastaajabu kuona mtu wa Chepilat akiandika habari za mashua. Sisi tukaao hapa mpakani mwa Bomet na Nyamira, kando ya njia kuu itokayo Sotik kwenda Kisii, mali yetu ni majani ya chai na ng'ombe wa maziwa, wala hatuna ziwa. Lakini mtu akipanda gari alfajiri na kupita Keroka, Kisii na Rongo, kabla ya adhuhuri amekwisha kufika Homa Bay. Nami ni mmoja wa watu wa huku juu waliotia fedha zao majini.

Mwaka 2019, nilipostaafu kazi ya ukarani, mimi na shemeji yangu tulinunua mashua ya mbao ya kuvulia omena. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa; mwezi ukiwa mpevu samaki hawaufuati mwanga wetu, na vyombo hupumzika siku chache. Katika siku hizo chache ndipo tulipoipaka mashua rangi nzuri ya kibuluu. Tuliitoa majini Jumatatu, tukaipaka Jumatano, tukairudisha Ijumaa. Watu walitusifu, nasi tukasifika.

Baada ya miezi michache rangi ilianza kuvimba malengelenge. Hatukujali. Usiku mmoja ubao ulio karibu na fashini ukaachia, na wavuvi wetu watatu wakateka maji kwa ndoo mpaka chombo kingine kilipowafikia. Walitoka salama, lakini wavu na taa vilikwenda chini. Fundi aliyekuja kuitazama alichoma kisu chake ubaoni, kikazama kama katika kiazi kilichochemshwa. Akamwambia shemeji, "Mzee, mlimvika mgonjwa shati jipya."

Jambo alilotufundisha fundi yule ni hili: mashua ya ziwani haiozi sana kwa maji iliyoelea juu yake, bali kwa maji ya mvua yaliyotuama ndani yake. Kuvu ilayo mbao huhitaji unyevu na hewa pamoja. Mbao ambayo maji yake ni chini ya sehemu 20 katika 100 za uzito wa mbao kavu haishikwi na kuvu; na mbao iliyozama kabisa daima hukosa hewa. Kwa hiyo uozo huanza pale palowapo na kukauka nusu nusu: katika ncha za mbao, chini ya mabenchi, na mahali ubao unapokutana na taruma. Rangi ikipakwa juu ya mbao mbichi huyafungia maji ndani, na mwenye mashua asione neno.

Wenzetu wa pwani wana adui mwingine. Katika maji ya chumvi wako wadudu watoboao mbao mpaka ziwe kama sega la nyuki. Ndiyo sababu mabaharia wa Lamu na Unguja tangu zamani hukipandisha chombo pwani wakati wa bamvua, hukichoma chini kwa moto wa makuti ili kuwaua wadudu hao, kisha hupaka shahamu, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake mgeni haisahau. Wadudu hao wa baharini hawaishi ziwani, basi hatuna haja ya moto wala shahamu. Lakini desturi ya kukipandisha chombo kwa wakati maalumu yafaa sana kuigwa.

Nasi tuliiga. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya imekataza kuvua omena tangu Aprili mpaka mwisho wa Julai, ili samaki wazaane. Tuliipandisha mashua juu ya magogo, tukaiezekea paa la mabati kwa ajili ya mvua za masika, pande zote zikaachwa wazi upepo upite, tukaiacha ikauke kwa wiki sita. Wiki hizo zilimchosha shemeji kuliko kazi yenyewe.

Kisha fundi aligonga kila ubao kwa nyundo. Mbao nzima hulia. Iliyooza hujibu kwa sauti ya mto wa pamba. Zilizooza zilikatwa mpaka kwenye mti mzima, na mbao mpya za mvule zikatiwa hivi kwamba maungio yaangukie juu ya taruma, si katikati. Misumari ilikuwa ya zinki, kwani ya kawaida hushika kutu na kuozesha tundu lake. Katika nyufa alitia kalafati ya pamba iliyosokotwa, akaigongea taratibu. Nilitaka aikaze zaidi. Akakataa, akasema mbao ikinywa maji hufura, na pamba iliyokazwa mno huweza kuzisukuma mbao zikang'oka misumari. Juu ya pamba alitia puti. Wengine hufunika nyufa kwa vipande vya bati. Kwa maoni yangu huko ni kuficha maji tu.

Rangi ya zamani ilikwanguliwa yote. Hapa pana hadhari: rangi nyingine za kale zina risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha kwanza, funika pua, na watoto wakae mbali. Mpako wa kwanza uwe mwepesi, uliozimuliwa kwa tapentaini upate kupenya. Ncha za mbao zipakwe mara tatu. Kila mpako ukauke, usuguliwe kwa msasa mwembamba, ufutwe vumbi, ndipo uje mwingine. Usipake katika jua la adhuhuri, maana juu hukauka kabla ya chini; wala jioni, umande usije ukaua mng'ao.

Vanishi inapendeza, lakini yapitisha mwanga, na jua likifika kwenye mbao huikata ile vanishi kutoka chini yake. Sisi tuliiweka kwenye makasia na mlingoti tu, mipako mitano, na kila mwaka tunaongeza miwili kabla haijapasuka.

Mfano mkubwa uko Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza mainjinia waliipaka mitambo yake grisi nzito. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Kopo la rangi lililobaki nililirudisha Chepilat, nikazikwangua fremu za madirisha ya upande upigwao na mvua. Mke wangu aliuliza kwa nini ninaanza na pembe za chini. Nikampa kisu achome mwenyewe.