Joseph Cowen, Mwenye Gazeti Asiyefungwa Kinywa

Gazeti ni karatasi tu. Likinyeshewa na mvua, limekwisha. Lakini likiwa mkononi mwa mtu mwenye moyo, laweza kuwasemea maelfu ya watu wasiosikilizwa. Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Newcastle, kaskazini ya Uingereza, siku za Malkia Victoria.

Joseph Cowen alizaliwa karibu na mji huo mwaka 1829, katika nchi ya migodi ya makaa na viwanda vya chuma. Baba yake alikuwa tajiri aliyefanyiza matofali ya tanuru, yale yasiyopasuka kwa moto, akayauza hata ng’ambo ya bahari. Kijana alisoma Edinburgh, kisha akarudi kumsaidia. Ndani ya shehena za matofali alificha maandishi yaliyokatazwa, ya watu wa Ulaya waliotaka nchi zao zijitawale. Nani angepekua rundo la matofali?

Alipopata miaka 30 hivi, alilichukua gazeti la Newcastle Chronicle. Mwaka 1871 mafundi wa viwanda vya chuma waligoma, wakidai kazi ya saa 9 kwa siku. Mabwana wao wakaleta wafanyakazi kutoka Ubelgiji na Ujerumani. Wengi wa hao, walipoelewa shauri lenyewe, walirudi kwao. Cowen naye alikuwa mwenye kiwanda, angaliweza kusimama na matajiri wenziwe. Lakini gazeti lake lilisimama na mafundi. Baada ya miezi mitano hivi, mafundi walishinda.

Mwaka 1874, baba yake alipokwisha kufa, watu walimchagua kushika kiti chake Bungeni. Huko London alivaa kama mtu wa kazi, akasema kwa matamshi ya kwao kaskazini, ingawa yalikuwa magumu masikioni mwa wabunge wa kusini. Hakuona haya kwa kinywa alichopewa na mama yake.

Jaribu kubwa likaja mwaka 1881. Serikali ya chama chake mwenyewe, chama cha Liberali, ilitunga sheria ya kuwafunga watu wa Ayalandi pasipo kuwahukumu. Wengi walinyamaza kwa ajili ya chama. Cowen aliipinga waziwazi. Wazee wetu husema: Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Wakuu wa chama wakamchukia, hata katika mji wake mwenyewe. Mwaka 1886 aliacha Bunge, asirudi tena. Gazeti hakuliacha mpaka alipofariki mwaka 1900.

Mwaka 1906 watu wa Newcastle walimsimamishia sanamu, nayo ingali pale mpaka leo. Kumsema adui ni rahisi, kila mtu aweza. Bali kumwambia rafiki, “Hapa umekosa,” huku ukijua utabaki peke yako, hiyo ndiyo kazi ya mtu mzima.