Je, Wajua? Vumbi la Kazi Lina Jina Lake

Je, wajua kwamba "nimonia" na "nimokoniosisi" ni maneno ya ukoo mmoja? Yote mawili yanaanzia kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya pafu. Nimonia inajulikana na kila mama mwenye mtoto mdogo. Neno nimokoniosisi liliundwa na daktari Mjerumani, Friedrich Albert Zenker, katika miaka ya 1860. Aliunganisha pafu na "konis", yaani vumbi. Ni pafu lililoingiwa na vumbi la kazi likabaki na makovu.

Je, wajua kwamba jina hubadilika kufuata vumbi lenyewe? Asbesto huleta asbestosisi, chuma huleta siderosisi. Makaa ya mawe, kama yale ya Luena upande wa Bukama, huleta ugonjwa wa mapafu meusi. Silika huleta silikosisi, na hiyo ndiyo inayomhusu zaidi mtu wa Lubudi, mkoani Lualaba, Kongo.

Je, wajua kwamba silikosisi ina jina jingine lenye herufi 45? Ni pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett Smith, kiongozi wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno Marekani, kusudi tu liwe refu. Madaktari hawalitumii. Limetiwa hata volkano ndani yake, ilhali volkano haihitajiki: za Kongo ziko mbali, Goma, na silika ya Lualaba imo ndani ya mawe yenyewe.

Je, wajua ni jiwe gani? Wanajiolojia wa Katanga hulifupisha R.S.C., kwa Kifaransa "mawe ya silika yenye vyumba". Ukilishika ni kama sega la nyuki lililokauka: gumu, limejaa vitundu, na ndani ya vitundu mara nyingi utaona ukijani wa malakiti au weusi wa heterojeniti, madini ya kobalti. Linapatikana katika mkanda wa shaba, Kolwezi na hata Fungurume, ambayo iko katika wilaya ya Lubudi. Anayeitafuta kobalti mahali kama hapo atalivunja jiwe hilo, kwa mashine au kwa nyundo na mtaimbo.

Na Lubudi mjini, penye kiwanda cha simenti cha tangu ukoloni? Simenti iliyokamilika ina silika ya kwarizi kidogo sana. Wa kuangaliwa zaidi ni wale wanaovunja mawe na kusaga malighafi.

Je, wajua kwamba vumbi unaloliona silo baya zaidi? Lile jeupe linaloganda kwenye nyusi, pua hulikamata sehemu kubwa. Linaloua ni chembe zisizofika mikromita 5, nyembamba mara kumi au zaidi kuliko unywele. Hizo hufika hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli za ulinzi huzimeza, hufa, huzitapika, na seli nyingine huja kuzimeza tena. Kila mzunguko huacha kovu. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha mgodi na ugonjwa ukaendelea. Kwa kawaida dalili huja baada ya miaka 10 au zaidi, lakini vumbi likiwa zito mno, miezi tu hutosha. Hakuna dawa inayofuta kovu hilo.

Je, wajua kwamba silikosisi na kifua kikuu hufanana, tena husaidiana? Kikohozi, kukonda, kukosa pumzi, madoa juu ya mapafu kwenye picha ya eksirei. Mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Basi mchimbaji anayekohoa huitwa "mgonjwa wa TB" kabla hajaulizwa kazi yake. Akiwa nayo kweli, dawa zitamsaidia. Asipokuwa nayo, atameza vidonge miezi 6 huku akirudi shimoni kila asubuhi. Kwangu mimi, hapa ndipo neno lina thamani kuliko dawa: jina sahihi ndilo linalomtoa mtu kwenye vumbi.

Tena ndilo linalomlipa. Sheria ya Kongo ya 15 Julai 2016 kuhusu hifadhi ya jamii inampa mwenye ugonjwa wa kazi haki ya fidia, kupitia mfuko wa CNSS. Fidia hiyo ni ya mfanyakazi aliyeandikishwa. Wachimbaji wa mikono, ambao Kolwezi nzima inawaita creuseurs, wengi wao hawamo katika daftari lolote. Hilo ni kosa la kurekebishwa.

Je, wajua kwamba maji ni kinga ya zamani na ya bei nafuu? Mashine kavu za kutoboa miamba ziliitwa Marekani "waleta ujane" mpaka zilipowekewa maji ya kulowesha vumbi. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Na ovaroli ikikung'utwa nyumbani, vumbi lake huvutwa na mke na watoto, kwa hiyo iloweshwe kabla ya kufuliwa.

Ndugu msomaji, ukifika kituo cha afya na kikohozi kisichoisha, usingoje kuulizwa. Taja kazi yako, taja jiwe ulilovunja, taja miaka. Omba picha ya kifua, na omba neno "silikosisi" lichunguzwe na jibu liandikwe kwenye faili lako.